Hina na Damu

Nyumbani kwetu Tanga hina haikukaa na vipodozi. Ilikaa jikoni, kwenye kopo la maziwa ya unga, jirani na binzari na iliki. Bibi akiumwa kichwa, alijipaka kwenye paji la uso. Mtu akirudi shamba na magaga yaliyopasuka mpaka yanatoa damu, alipakwa hina kwenye visigino akalala nayo. Fangasi za vidoleni, hina. Mvi, hina. Harusi, hina. Kopo lilikuwa moja na kazi zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kitu cha kumpamba bibi harusi ndicho hicho hicho cha kutibu miguu ya babu.

Nilipoanza kufuatilia utafiti wa kisayansi juu ya mmea huu, nilitarajia kusoma habari za ngozi na nywele. Nilizikuta. Lakini kadiri nilivyoendelea, makala zilizonishika zaidi zilihusu damu: malaria, selimundu, watoto wachanga wenye macho ya manjano. Yote hayo ni mambo ya kwetu. Na moja kati ya hayo liliingia nyumbani kwetu kabla sijamaliza kusoma.

Tuanze na jina. Mhina ni kichaka kinachostahimili ukame, chenye maua madogo yanayonukia kuliko umbo lake. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kitabuni kwa jina la Lawsonia inermis. Lawsonia ni heshima kwa Isaac Lawson, daktari wa Scotland aliyesaidia kulipia uchapaji wa Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1735. Inermis maana yake ni asiye na silaha, yaani mmea usio na miiba. Humo humo Linnaeus aliorodhesha mwingine, Lawsonia spinosa, mwenye miiba, akidhani ni aina tofauti. Mwanamke yeyote aliyewahi kuchuma hina angeweza kumwambia kwamba mhina mchanga hauna miiba, ukizeeka huota. Baadaye wataalamu waliyaunganisha majina hayo mawili, likabaki lile la ujana wa mti.

Watu walikuwa wameujua mmea huu muda mrefu sana kabla ya kitabu hicho. Baadhi ya maiti zilizokaushwa za Misri ya kale zimekutwa na rangi ya hina. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja katika maandishi yake ya tiba, na Ibn al-Baytar, bingwa wa mitishamba kutoka Málaga aliyefariki mwaka 1248, aliiweka katika kamusi yake kubwa ya dawa. Katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi imepokewa kutoka kwa Salma, aliyekuwa akimtumikia Mtume, kwamba Mtume akipata kidonda au jeraha, hina ndiyo iliyowekwa. Ndiyo maana kwa wazee wetu hina ina uzito ambao panadoli haitaupata kamwe. Ukiigusa hina, umegusa dini, umegusa harusi, umegusa mikono ya mama zao.

Sasa tuingie ndani ya jani. Rangi yote ile inatokana na molekuli moja ndogo iitwayo lawsoni, yenye kaboni kumi, haidrojeni sita na oksijeni tatu. Katika jani bichi haikai huru. Imefungwa pamoja na sukari. Jani likisagwa na kuloweshwa, kifungo hicho hukatika na lawsoni hutokea polepole. Ndiyo sababu mama zetu huiloweka hina mapema na kuiacha. Ndimu wanayoikamulia nayo ina kazi: asidi yake hupunguza kasi, rangi isije ikamalizika bakulini kabla ya kufika mkononi. Ikifika kwenye ngozi, lawsoni hushikana na keratini, protini inayojenga ngozi ya juu, kucha na nywele. Haikai juu ya ngozi kama chokaa ukutani. Imeungana nayo, na itaondoka pale tu ngozi hiyo itakapopukutika, baada ya wiki moja mpaka tatu. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu keratini ya huko ni nene. Asubuhi rangi huwa ya chungwa, na kesho yake huiva kuwa nyekundu ya damu ya mzee kwa sababu hewa inaendelea kuifanyia kazi. Bibi zetu, waliokataza kunawa maji asubuhi hiyo na kutaka hina ikwanguliwe kisha mikono ipakwe mafuta, walikuwa wakilinda mchakato wa kemia bila kuuita kwa jina hilo.

Na fangasi? Mwaka 1968 mtafiti wa Iran alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dondoo la majani ya hina huzuia vijidudu katika maabara. Mwaka 1978 watafiti wa India walionyesha kwamba kitu kinachoua fangasi katika majani hayo ni ile ile lawsoni. Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki waliripoti kuhusu wagonjwa wa saratani ambao dawa yao, capecitabine, ilikuwa imewachubua viganja na nyayo. Walipopakwa hina, walipata nafuu. Walikuwa wagonjwa wachache tu, bila kundi jingine la kulinganisha nao, kwa hiyo huo ni mwanzo wa swali. Hata hivyo nilipoisoma nilimkumbuka babu na magaga yake, nikacheka peke yangu.

Kuna matumizi mengine ambayo hata bibi hakuyafikiria. Mwaka 2005 watafiti wa Misri walionyesha kwamba dondoo la hina hupunguza kasi ya kulika kwa chuma, nikeli na zinki. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitumia lawsoni kufichua alama za vidole zisizoonekana kwenye karatasi. Jasho la kidole huacha asidi amino, lawsoni hushikana nazo, na alama hujitokeza kwa rangi. Ni jamaa wa karibu wa kile kinachotokea kwenye kiganja cha bibi harusi usiku wa hina, safari hii mikononi mwa askari wa upelelezi.

Lakini nilisema nitazungumzia damu.

Mwaka 1942 Japan iliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Marekani ilikuwa ikipeleka askari wake kwenye misitu yenye mbu, na dawa ilikuwa imebaki upande wa adui. Utafutaji mkubwa wa dawa mpya za malaria ukaanza. Mmoja wa waliohusika alikuwa Louis Fieser wa Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa naftokwinoni. Huo ni ukoo wa kemikali ambao lawsoni ni mmoja wao, na vitamini K, inayosaidia damu kuganda, ni mwingine. Fieser alikuwa kati ya waliofanikiwa kuitengeneza vitamini K1 maabara mwaka 1939. Wakati wa vita yeye na wenzake walitengeneza mamia ya naftokwinoni na kuzijaribu kwa mabata walioambukizwa malaria ya ndege. Katika vita hiyo hiyo, mtu huyo huyo aliongoza utengenezaji wa napalm, moto wa kugandia ngozini uliochoma miji ya Japan. Nilipolijua hilo niliisukuma kompyuta kando kwa muda. Akili moja, miaka ile ile, meza moja: upande huu dawa ya homa, upande ule moto.

Naftokwinoni za Fieser ziliwasaidia mabata. Ndani ya mwanadamu, mwili ulizivunja upesi mno. Kazi ililala kwa miaka, mpaka watafiti wa kampuni ya Wellcome walipoirudia na kupata molekuli ambayo ini haliwezi kuivunja kwa urahisi. Iliitwa atovakwoni. Mwaka 1992 iliidhinishwa Marekani kwa nimonia iliyokuwa ikiwaua wagonjwa wa UKIMWI, na mwaka 2000 ikaidhinishwa huko huko kwa malaria, ikiwa imechanganywa na proguanili. Huingia kwenye mitokondria ya kimelea na kukata njia yake ya nishati. Ukiichora atovakwoni kwenye karatasi, utaiona lawsoni nzima imekaa pale, imeongezewa mkia mrefu. Haitokani na majani ya hina, imeundwa maabara. Lakini kiini chake ni kile kile kinachopaka viganja rangi.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu najua habari za namna hii husafiri vipi kwenye makundi ya WhatsApp. Kunywa hina hakutibu malaria, na kunaweza kukuumiza vibaya. Mkia ule ulioongezwa ndio ulioleta tofauti ya miaka hamsini.

Kuna jambo jingine. Watalii wengi wanaoshuka Zanzibar huwa na vidonge vya atovakwoni mfukoni. Sisi tukiugua tunapewa dawa mseto, yenye asili ya mmea mwingine, pakanga ya China. Atovakwoni ni ghali, na ikitumiwa peke yake kimelea huizoea haraka, kwani badiliko moja dogo kwenye protini yake moja hutosha. Kwa hiyo mgeni hulala chini ya chandarua Nungwi akilindwa na binamu wa hina, na asubuhi hulipia kuchorwa hina ufukweni kama ukumbusho.

Twende kwenye selimundu. Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Himoglobini ya mgonjwa ikishaachia oksijeni hujipanga kwenye nyuzi ngumu, seli nyekundu hupinda kama mundu, na maumivu huanza. Mwaka 1982 watafiti wawili, Chang na Suzuka, walichapisha kwamba lawsoni huifanya damu ya selimundu ishike oksijeni kwa nguvu zaidi. Mantiki yake ni rahisi: himoglobini ikichelewa kuachia oksijeni, huchelewa kupinda. Mwaka 1986 watafiti wengine waliandika kwamba huzikinga pia kuta za seli hizo. Yote hayo yalifanyika kwenye vyombo vya maabara. Wazo la kuifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni lilikuja kufikia duka la dawa kwa njia nyingine kabisa, dawa iitwayo voxelotor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 na kuondolewa na kampuni yake mwaka 2024 baada ya takwimu kuonyesha kwamba hatari zake zimezidi faida. Njia hiyo ina mashimo hata kwa wenye mabilioni.

Na hapa ndipo nyumbani kwetu panapoingia.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu macho ya mtoto yakawa manjano, kisha kifua, kisha tumbo. Alilazwa chini ya taa za buluu siku kadhaa. Daktari kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi, aliagiza kipimo ambacho hatukuwahi kukisikia, na majibu yakarudi: upungufu wa G6PD.

G6PD ni kimeng'enya. Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni maisha yao yote, na oksijeni hiyo hiyo huziunguza taratibu, kama inavyokitia chuma kutu. G6PD ndiyo inayoendesha ukarabati. Anayepungukiwa nayo anaweza kuishi miaka bila kujua lolote, mpaka akutane na kitu kinachounguza kwa kasi. Hapo chembe zake nyekundu hupasuka kwa wingi. Upungufu huu uligunduliwa mwaka 1956, katika utafiti wa dawa ya malaria iitwayo primakwini uliofanywa kwa wafungwa wa gereza moja la Illinois. Urithi wake hupita kwa mama, na hudhihirika zaidi kwa watoto wa kiume. Na umeenea pale ambapo malaria imetawala. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba kubeba nusu ya selimundu humkinga mtu na malaria, alichapisha mwaka 1960 kuhusu upungufu wa G6PD katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata yeye na David Clyde walieleza jinsi unavyohusiana na malaria kwa watoto wa Tanganyika. Kwa maneno mengine, malaria imekaa na mababu zetu muda mrefu mpaka ikawaandika upya.

Mtoto aliporudi nyumbani, bibi yetu mdogo alikuja kutoka Unguja. Ameishi Muscat zaidi ya miaka ishirini, na huko, kama sehemu nyingine za Ghuba, mtoto mchanga kupakwa hina ni jambo la kawaida, wa kike na wa kiume. Alikuja na hina yake kwenye mfuko. Mtoto alikuwa amechubuka mapajani kwa nepi, na bibi alitaka kumpaka pale, na kwenye nyayo, kabla ya arobaini.

Nilikuwa nimeshasoma. Mwaka 1996 Zinkham na Oski, madaktari wa watoto wa Marekani, waliandika katika jarida la Pediatrics wakionya kwamba hina inaweza kuwa chanzo cha kuvunjika kwa damu na manjano ya watoto wachanga. Lawsoni ni kemikali ya aina ile ile inayounguza chembe nyekundu, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, huipitisha. Mwaka 2001 madaktari wa Falme za Kiarabu waliripoti kuhusu wagonjwa wenye upungufu wa G6PD ambao damu yao ilivunjika kwa kiwango cha kuhatarisha maisha baada ya kupakwa hina. Ripoti kama hizo zilitoka pia Uturuki na Kuwait. Lakini kusoma ni kitu kimoja, kumwambia bibi ni kingine.

"Shikamoo bibi," nilianza upya, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sema tu, naona una neno."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mfuko ukiwa mapajani.

"Dawa aliyoitumia Mtume ndiyo itamdhuru mtoto?"

"Bibi, hata asali ni dawa, na mtoto wa siku kumi hapewi. Hina haina ubaya. Damu ya huyu ndiyo haiiwezi. Hata naftalini tumeambiwa tuzitoe kabatini."

Ndivyo ilivyo. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ni jamaa wa hina kwa kemia, na nguo zilizokaa navyo zimeshawavunjia damu watoto wengi wenye upungufu huu. Neno naftokwinoni lenyewe limetokana na naftalini.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kule Muscat alikuwepo mtoto wa jirani, wa kiume, mzuri, aliyepakwa hina mwili mzima wakati wa furaha ya nyumbani kwao. Baada ya siku mbili alipauka, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na hakukaa. "Tulisema kijicho," alisema. "Tulimtaja mpaka mwanamke aliyemtia."

Hakuna aliyempima mtoto yule. Oman ni kati ya nchi zenye upungufu mwingi wa G6PD, lakini hilo peke yake si ushahidi juu ya mtoto mmoja, na sikulisema. Nilichokuwa nikimfikiria ni mwanamke yule aliyetajwa, aliyeishi mtaa ule na jina la kijicho.

Bibi aliirudisha hina kwenye mkoba. Jioni alimpaka dada yangu, mikono na miguu, kwa sababu mama wa mtoto hatoki arobaini mikono mitupu. Daktari alikuwa amesema kwa mtu mzima anayebeba tu urithi huo hakuna shida, ila asimshike mtoto mpaka hina ikauke na kukwanguliwa. Sheria hiyo bibi aliisimamia kuliko mimi.

Kuna jambo la mwisho ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa linawahusu zaidi vijana: piko. Hina ya kweli haiwezi kuwa nyeusi tii kwa saa moja. Ukiona weusi wa haraka namna hiyo, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya huruhusu PPD kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia mbili, na hairuhusu kabisa kupakwa ngozini. Ikimkataa mtu, huacha malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, na mwili wake huweza kubaki ukiikataa PPD maisha yote. Ikimezwa, hufunga koo na kuua figo. Hospitali za Sudan zimekuwa zikiwapokea waathirika wake kwa miongo. Tunaiita hina nyeusi na hina inabeba lawama, wakati ndani yake pengine hamna hata jani moja.

Watoto wengi kwetu huzaliwa bila kupimwa G6PD. Kipimo huja baada ya manjano, kama kinakuja. Ningependa siku moja swali la hina liulizwe kliniki kama linavyoulizwa la chandarua, na liulizwe kwa heshima, na mtu anayejua kwamba mbele yake wamekaa mama na bibi waliobeba dawa hii kwa karne nyingi. Wakielezwa sababu, wanaelewa. Nimeona.

Mpwa wangu ana miaka miwili sasa, anakimbia ua mzima akifukuza kuku. Nyuma ya kadi yake ya kliniki daktari aliandika kwa kalamu nyekundu vitu vya kuepuka: primakwini, dapsoni, naftalini. Chini yake dada yangu ameongeza neno moja kwa mkono wake: hina.